Mkeka wa Profesa

Ha'ano, Ha'apai
2 Septemba 1997

Kwa Losaline, mpwa wangu, Daktari wa Matope mtarajiwa,

Natumaini barua hii inakukuta Melbourne ukiwa na afya njema na soksi mbili mbili. Sisi huku, kwa neema ya Mungu, tungali tunapumua, isipokuwa yule nguruwe wangu mwekundu aliyeacha kupumua kwa ajili ya karamu ya kukuaga. Hukuniomba. Ulimnyooshea kidole tu ukasema, "Yule." Nami ni mjomba wako na wewe ni mtoto wa dada yangu, kilicho changu ni chako, ndivyo tulivyokuta dunia. Ninachojiuliza ni kwa nini hukumnyooshea kidole yule jogoo anayewika saa za watu kulala. Angetuacha wote kwa amani.

Kwaya inaendelea. Mchungaji amenihamisha mstari wa nyuma, karibu na mlango, eti sauti yangu inahitaji hewa. Wanafunzi hawajambo. Viazi vikuu vya shamba la chini vimetoka tena kama vidole vya mtoto. Tangu bahari ilipopanda ule mwaka wa dhoruba, udongo ule umekuwa na chumvi kama supu ya mke wangu (usimwambie). Kwa hiyo nikikucheka kwamba unavuka bahari kwenda kusomea matope, elewa kwamba ninacheka huku nikikusubiri.

Mama yako yu mzima. Sijaongea naye ana kwa ana, maana ni dada yangu nami nina adabu, lakini namsikia akicheka na wenzake katika nyumba ya wasukaji, na mtu anayecheka namna ile hana homa.

Sasa jambo lenyewe. Kwanza bado sijaielewa hii ziara. Wamekupa nafasi chuoni, kisha wanakuita ukawatazame kabla hujajiandikisha? Mimi nilipokwenda chuo cha ualimu kule Auckland hakuna aliyeniita nikakitazame. Nilionyeshwa kitanda, nikalala. Mchungaji anasema ni kama kwenda kuonana na wakwe: wewe unawatazama, nao wanakutazama unavyokula. Basi kula vizuri.

Pili, mkeka. Mama yako na wenzake wameusuka tangu majani ya mkadi yalipotoka kulowekwa baharini, na Tokilupe, mkubwa wao, amenituma nikukumbushe haya. Usiutoe mlangoni kama muuza samaki. Keti. Subiri wakuulize habari za safari. Kisha sema umekuja mikono mitupu, ila mama zako wa Ha'ano wamekutuma kijizawadi kisichofaa. Mwenyeji akiugusisha kichwani kushukuru, basi umepokewa, na wewe una nyumba pale. Halafu utuandikie alisema nini. Neno kwa neno. Unajua barua zako zitasomwa kwa wasukaji wote: wao mikono yao ina kazi, na mimi ndiye mwenye miwani.

Mjomba wako,
Kelepi

*

Melbourne
24 Septemba 1997

Kwa Mjomba Kelepi, na kwa mama yangu, na kwa Mama Tokilupe na wote wanaosikiliza,

Nawasalimu kwa heshima zote. Mimi ni mzima. Binamu Vika na mumewe wananilisha kana kwamba nitauzwa kwa uzito. Baridi ya huku inaingia kupitia masikio. Jumapili tunasali kwenye ukumbi wa Waaustralia wakishamaliza wao, na kwaya, Mjomba, ina watu wanaoimba wote wimbo mmoja kwa wakati mmoja. Ungeshangaa.

Ziara imekwisha, ilikuwa siku tatu. Idara iko orofa ya sita, unapanda kwa lifti. Nilipokewa na mwanafunzi anaitwa Dimitra, wazazi wake ni Wagiriki, anaongea kwa mikono kama Mama Tokilupe, nikampenda papo hapo. Alinionyesha maabara, maktaba, na meza itakayokuwa yangu kama nitakuja, iko karibu na dirisha.

Profesa anaitwa Hallam. Ni mwanamke, mrefu, ana mvi na viatu vya shambani hata akiwa ofisini. Aliniambia, "Niite Judith." Mjomba, mimi nimwite mtu mwenye mvi jina lake tupu? Nilijaribu "Profesa Judith", akacheka. Nikaamua kutomwita kabisa. Kila nilipomtaka nilikohoa. Siku ya tatu akanipa dawa ya kikohozi.

Chakula cha mchana kilikuwa mikate iliyokatwa pembetatu. Nilifumba macho nikisubiri mtu aombe. Nilipofumbua, nusu ya sahani ilikuwa imekwenda. Kisha wote wakanigeukia: "Una maswali gani kwetu?" Mgeni awahoji wenyeji wake chakula kikiwa bado mdomoni! Nikasema sina. Wakatazamana.

Lakini kuna kabati, Mjomba. Droo kwa droo, limejaa udongo wa nchi za watu, kila mmoja kwenye chupa yake na kikaratasi. Dimitra akavuta droo ya chini, na ndani yake kulikuwa na chupa iliyoandikwa Tongatapu, udongo wa kwetu. Nilifungua nikanusa. Ulikuwa umekauka, umefifia, lakini ndio wenyewe. Nilijisikia kama nimemkuta jamaa hospitalini na hakuna aliyekuja kumtazama. Nikamweleza Profesa habari za shamba la chini, za chumvi, za vile viazi vyako. Akavuta kiti akanisikiliza mpaka chai ikapoa, akasema ndicho hasa anachotaka mtu aje akifanye. Mwishoni akaniuliza kama nitakuja, nami nikamjibu. Wamenipa mpaka mwisho wa Novemba.

Tramu za huku ni za kijani. Zinapiga kengele kama shule yako.

Nawapenda wote. Mama, sweta inatosha.

Losaline

*

Ha'ano
15 Oktoba 1997

Kwa mpwa wangu Losaline,

Salamu kutoka kwa wote, hata jogoo. Barua yako ilifika na mashua ya Jumanne ya wiki iliyopita, imelowa pembe moja tu. Nimefurahi kwamba unakula. Mke wangu ameisikia habari ya supu; wewe hukusema, niliinakili barua yangu ya nyuma kabla ya kuituma, nikaisahau nakala mezani. Sasa napikiwa isiyo na chumvi kabisa.

Losaline, hii naiandika peke yangu shuleni, watoto wamekwenda nyumbani. Wewe nawe ukinijibu, weka karatasi yangu ndani ya bahasha yenye anwani ya shule. Nina jambo la kukueleza na nina jambo la kukuuliza.

Niliisomea barua yako wasukaji siku ileile. Mimi nje chini ya paa, kwa sababu mama yako yumo ndani, wao ndani, na dirisha katikati yetu. Ilikwenda vizuri. Kwenye kikohozi walicheka mpaka wakapoteza hesabu ya nyuzi. Kwenye chupa ya udongo nikasikia mtu anapenga kamasi. Kisha Tokilupe akasema:

"Na mkeka je, mwalimu?"

"Subiri, nageuza ukurasa."

Nikageuza. Ukurasa wa pili ulikuwa na tramu. Nikageuza tena, nikatazama hata nyuma ya bahasha.

"Mwalimu, umelala?"

"Mwandiko wake ni mdogo," nikasema.

"Mtoto wa Seini mwenzetu ana mwandiko kama mabango ya duka. Soma!"

Nikakohoa kama wewe. Na mdomo wangu, ambao umenifukuzisha mstari wa mbele wa kwaya, ukaanza kusoma kisichokuwapo. "'Na Profesa alipouona mkeka,'" nikasoma, "'aliugusisha kichwani.'"

"Eeeeh!" Nyumba nzima.

"Kisha?"

"'Kisha akalia.'"

"Alilia sana?"

"Kiasi cha profesa."

Ningeishia hapo ningekuwa bado mtu mwenye heshima zake. Lakini sauti moja ndani ikauliza taratibu, si mimi niliyeulizwa, aliulizwa Tokilupe, "Alisema neno gani?" Nilijua ni mama yako. Nikasoma: "'Akasema mama yake mzazi hajapata kuona kitu kizuri namna hii.'"

"Kumbe ana mama!" akapiga kelele Tokilupe. "Mtu ana mvi, basi huyo mama ni bibi kizee! Analalia nini huyo?"

Sasa, mpwa wangu, wanamsukia mama yake Profesa mkeka. Umefika upana wa mkono. Jumapili bibi huyo ameombewa kanisani, mimi nikiwa nimesimama mlangoni ninapopata hewa.

Kwa hiyo nakuuliza. Mkeka uko wapi? Mtu anayeeleza rangi ya tramu na kusahau mkeka wa mama yake hajasahau. Niambie mimi peke yangu.

Mjomba wako mwongo,
Kelepi

*

Melbourne
3 Novemba 1997

Kwa Mjomba,

Ndani ya bahasha hii kuna barua mbili. Ile ndefu, yenye habari za ubatizo wa mtoto wa Vika, isome dirishani. Hii usimsomee mtu.

Hamjambo? Mimi sijambo. Vika anauliza kama mashua mpya imefika. Haya.

Mkeka uko chini ya kitanda changu.

Nilifanya kama ulivyonielekeza. Siku ya mwisho nilivaa mkeka wangu wa heshima wa kiunoni juu ya koti, watu wa kwenye lifti wakanipisha. Niliketi ofisini kwake. Akaniuliza, "Basi, Losaline, utakuja kwetu?" Moyo wangu ulikuwa umejaa, nikainua nyusi. Yeye akaendelea kunitazama. Nikainua tena, juu kabisa, mpaka paji likaniuma. Akasema, "Sawa, hakuna haraka, fikiria mpaka mwisho wa Novemba." Mjomba, nimemwambia ndiyo mara mbili na yeye ananiambia nikafikirie!

Nikasema labda ni desturi yao. Nikautoa mkeka, nikasema kijizawadi kisichofaa. Akainuka. Akaugusa kwa ncha za vidole, akasema ni mzuri mno. Nikasubiri auinue. Akaondoa mkono. Akasema kuna kanuni, mwalimu hapokei zawadi kwa mtu ambaye kazi yake ataisahihisha. "Siwezi kuupokea," akasema. "Bado."

Bado! Wewe unajua sisi tukisema bado. Mama akialikwa mahali asipotaka kwenda, husema bado. Baba wa msichana akiletewa mzizi wa kava wa posa na mchumba asiyemtaka, husema bado, na mchumba anakwenda zake bila kelele. Nikauviringisha mkeka nikarudi nao kwenye tramu, umesimama katikati ya magoti yangu kama abiria. Mzungu mmoja akaniuliza kama ni zulia. Nikasema ndiyo.

Barua yao bado inasema nafasi ninayo. Lakini siwezi kwenda kukaa katika nyumba iliyourudisha mkeka wa mama yangu, nikae pale dirishani miaka miwili nikijua. Na siwezi kumwambia Mama. Shule yangu ya Nuku'alofa wameniandikia, wananitaka nirudi kufundisha kidato cha nne. Nitawajibu Wazungu hapana kabla ya mwisho wa mwezi, nitarudi Krismasi, na huko nitasema kozi ilifutwa.

Lakini huo mkeka wa pili uzuie. Mama asiumize vidole vyake kwa ajili ya bibi uliyemzaa wewe dirishani. Siombi, Mjomba. Nina haki ya kuchukua chochote chako. Nguruwe nilichukua. Sasa nachukua mdomo wako. Nenda uwaambie kwamba yale maneno hayakuwamo kwenye barua. Yangu mengine usiyataje.

Losaline

*

Ha'ano
17 Novemba 1997

Kwa Losaline,

Nakusalimu mbiombio. Mashua imeharibika mashine, nami naiandika hii gatini Pangai, nilikoletwa na mtumbwi wa mchungaji. Mke wake anapanda ndege leo kwenda Nuku'alofa, na kaka yake anaruka Jumatano ya wiki ijayo kuja huko kwenu. Nimemwapisha, naye amwapishe kaka yake, waishike hii barua mkononi, si mfukoni. Simu nimejaribu. Aliyepokea kwa Vika ni mtoto, akaniimbia wimbo wote wa alfabeti kisha akakata.

Barua yako ilifika Ijumaa. Jumamosi nilikwenda dirishani. Umechukua mdomo wangu, basi nikaupeleka, ingawa miguu ilikuwa haikuchukuliwa nayo ilitaka kubaki. Mvua ilikuwa inanyesha. Nilisimama chini ya paa, maji yananiingia shingoni, nikasoma kwanza ubatizo. Kisha nikasema:

"Akina mama, ile barua ya mwezi uliopita, sehemu ya mkeka, niliitunga mimi."

Losaline, nimesikia sauti nyingi mbaya, yangu ikiwamo. Lakini sijapata kusikia kama ile ya mikono yote kuacha kusuka kwa pamoja.

"Alivyolia je?" akauliza Tokilupe.

"Nilitunga."

"Na mama yake?"

"Sijui kama yupo."

"Kelepi! Tumemwombea kanisani mgongo wake!"

"Mgongo sikuutaja mimi. Mgongo mliuongeza wenyewe."

"Usitufundishe hesabu, wewe! Watu wazima tunamwombea kizuka!"

Na nyuma ya hizo kelele zote, najua mama yako amekaa, na mimi kaka yake nimedanganya mbele yake. Sikuweza kumtazama hata kama pangekuwa hapana ukuta. Nikageuka niondoke. Ndipo nikasikia sauti yake, anamwambia Tokilupe kwa nguvu inayotosha kunifikia: "Tokilupe, hebu muulize huyo aliye nje kwenye mvua. Profesa alisema neno gani hasa?"

Yeye neno tu. Hakuniuliza kwa nini nilitunga. Na mimi, ambaye uliniambia nisitaje yako, nilitaja. Yote. Nyusi, kanuni, bado, chini ya kitanda. Nichukie baadaye. Mdomo uliuchukua, hukuufunga.

Kisha mmoja akasema, "Bado. Basi amekataa." Mwingine akasema, "Amekataa kwa adabu, lakini." Nikasikia jani linachanwa polepole. Halafu Tokilupe akasema, "Ngojeni. Ngojeni kwanza. Si kama Keleme?"

Unakumbuka habari za Keleme, yule kijana wa New Zealand aliyekuja kufundisha shuleni kwangu wewe ukiwa chuoni Suva. Tokilupe anakaa njiani, kila jioni alikuwa akimpigia ukelele, "Keleme, umekula?" kama tunavyomwambia kila mpita njia. Sisi tunajibu bado huku tunaendelea na safari. Yeye alijibu bado, akaingia, akakaa, akala. Kila jioni! Alimaliza magimbi yake yote mwaka ule.

"Nikamwuliza atakuja kanisani," anasema Tokilupe, "akasema bado. Nikasema huyu ndio basi, kakataa. Baada ya Pasaka namwona kavaa tai, kakaa kiti changu! Nikamwuliza kama ana mchumba, akasema bado, na mwaka uliofuata si akatuletea picha ya harusi? Jamani, watu wale bado yao ni bado kweli! Ina mwisho!"

Nikakaa chini pale pale kwenye tope. Kwa sababu mimi nilikumbuka jingine. Keleme alikuwa akija ofisini kwangu amekata tamaa: "Mwalimu mkuu, watoto hawanijibu. Nawauliza mmeelewa, wananishangaa tu macho juu." Darasa zima linamwinulia nyusi, Losaline! Darasa zima linamwambia ndiyo, na yeye anakwenda kulala akidhani hakuna aliyeelewa. Ilinichukua muhula mzima kumweleza, nami niliyeishi Auckland mwaka mzima nilipaswa kulijua hilo kabla yake. Nilichojifunza Auckland, nadhani, ni kulala.

Basi tazama. Wewe ulimwambia ndiyo, hakusikia. Yeye alikwambia bado, ukasikia hapana. Mmekaa pande mbili za mji mmoja, kila mtu anangoja mwenzake, na kila mtu anadhani amekataliwa. Nenda kwake. Mwambie kwa mdomo. Na muulize bado yake ni ya namna gani. Akisema ni ya kwetu, rudi nyumbani, nitakuja kukupokea gatini na jogoo nimemchinja. Lakini usikatae nyumba kwa neno ambalo mwenye nyumba hakulisema.

Mama yako amemtuma Tokilupe, Tokilupe kaniambia, nami nakuandikia kama lilivyo: "Mwambie mwanangu mkeka haukurudishwa. Umeambiwa usubiri. Na kusubiri anakujua. Tumboni alipitiliza mpaka mkunga akarudi kwao."

Mke wa mchungaji ananitazama. Wahi.

Mjomba wako aliyelowa,
Kelepi

*

Melbourne
20 Novemba 1997

Kwa Mjomba,

Hujanijibu, au mashua haijatoka. Sijakasirika. Natumaini hamjambo nyote, na mvua imeanza.

Nimeshaiandika barua ya kukataa. Nimeiandika vizuri, ina shukrani kila aya, hata wewe ungeisahihisha na kalamu nyekundu ikabaki kavu. Nitaipeleka kwa mkono wiki ijayo, Ijumaa tarehe 28, ili nimuage Dimitra. Nafasi ya ndege nimeulizia.

Jana nilipita kwenye idara kurudisha kitabu cha Dimitra. Ile meza ya dirishani haina mtu. Wameweka juu yake chungu cha ua.

Usimwambie Mama siku ya kurudi kwangu. Nitamwambia mwenyewe.

Losaline

*

Melbourne
3 Desemba 1997

Kwa Mjomba Kelepi, na kwa mama yangu mpendwa, na Mama Tokilupe, na wote,

Nawasalimu nyote kwa unyenyekevu na kwa furaha. Mjomba, hii ni ya dirishani. Isome yote.

Kaka yake mke wa mchungaji alifika kwa Vika usiku wa Alhamisi tarehe 27, barua mkononi kama alivyoapishwa, ilikuwa imekunjamana kama lu, jani la gimbi lililopikwa. Niliisoma nimesimama mlangoni. Vika akaniuliza nani kafa. Nikamwambia hakuna, ni habari za Keleme.

Ijumaa nikapanda lifti. Barua ya kukataa ilikuwa kwenye mkoba, na ya Mjomba juu yake. Profesa alikuwa anakunywa chai, viatu vya shambani juu ya kiti. Akaishusha miguu upesi.

"Losaline! Nilidhani hututaki tena."

"Nilikujibu Septemba," nikasema.

"Lini? Nilikuuliza, ukanitazama tu. Nikajua nimekubana sana."

"Nilifanya hivi." Nikainua nyusi.

"Ndiyo, hivyo hivyo. Nikaona umeshtuka."

"Kwetu hiyo ni ndiyo."

Akaiweka chai chini. "Yaani ulikubali?"

"Mara mbili."

Akajaribu yeye. Mama, ungemwona! Nyusi zilipanda, masikio yakapanda, na miwani ikaanguka. Akamwita Dimitra aje aone, wakawa wanainuliana nyusi wote wawili kama samaki. Nilicheka mpaka nikasahau nilikuwa naogopa. Kisha nikakumbuka, maana la pili lilikuwa halijaulizwa, na lilikuwa zito kuliko la kwanza.

Nikasema, "Ile siku ya mkeka ulisema bado. Ilikuwa bado ya namna gani?"

Akanitazama bila kuelewa. "Kwani ziko ngapi?"

Nikamweleza. Mama asiyetaka kwenda, mchumba na mzizi wake wa kava. Uso wake ukabadilika, akawa kama mtu aliyetambua amekanyaga kitu cha mwenyewe. Akaniuliza, "Na ulirudi nao hivyo? Kwenye tramu?" Nikainua nyusi, na safari hii akasikia.

Akaja akakaa kiti cha upande wangu. Akasema, neno kwa neno, Mama, kama ulivyotaka: "Mimi nitaisahihisha kazi yako, na ikiwa mbaya nitakwambia ni mbaya. Nisingeweza kukwambia hivyo huku nimeukalia mkeka wa mama yako. Lakini siku utakayovaa joho, sitakuwa tena msahihishaji wako. Siku hiyo niletee. Nitaubeba mwenyewe mpaka nyumbani." Kisha akaniuliza hufanywaje kushukuru, nikamwonyesha kichwani. Akasema atafanya mazoezi kwa gazeti.

Nilimwambia ndiyo kwa mdomo, kwa sauti, mpaka mtu wa ofisi ya pili akachungulia. Nimejiandikisha siku ileile. Chungu cha ua wamekiondoa. Barua ya kukataa Dimitra ameitupa kwenye pipa la karatasi, ingawa alisema inasikitisha kutupa kitu kilichoandikwa vizuri hivyo. Udongo wa kwanza nitakaoupima utatoka shamba la chini. Mjomba, nijazie chupa, uchimbe urefu wa kisigino mpaka goti, na usitie supu.

Kisha nilikuwa natoka nikageuka: "Samahani, mama yako mzazi yupo?"

"Yupo," akasema, "anaishi Ballarat, mzee sana. Kwa nini?"

"Anaombewa Ha'ano."

"Anaombewa nini?"

"Mgongo."

Akashika mlango. "Nani aliwaambia habari za mgongo wake?"

Kwa hiyo, Mama Tokilupe, msiuache ule mkeka wa pili. Lakini usukeni taratibu, taratibu kabisa, uishe nitakapomaliza masomo mimi, iende yote miwili siku moja. Na wewe, Mjomba, mdomo wako nakurudishia, nimeutumia vya kutosha. Badala yake namchukua jogoo. Msimchinje, nataka nikirudi nimkute anawika.

Mkeka wa Mama sasa uko juu ya kabati la Vika, umefungwa shuka safi. Jua likitoka nauanika. Najua kila mashua ikifika mtamwuliza Mjomba kama Profesa amekwisha kuukalia. Mjomba, wakikuuliza, usigeuze ukurasa, usikohoe, usiongeze hata nukta. Wasomee neno moja hili, na usome kwa bado ya kina Keleme:

Bado.

Losaline